Rael Wayua Nzioka: Muuguzi Aliyekataa Mgonjwa Apotee

Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 14 Machi 2009, hapa nyumbani kwake Isinya, ni Rael Wayua Nzioka. Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1950 huko Kangundo, Machakos, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kimeu na marehemu Mama Ndinda. Mvua ilikuwa imekataa mwaka huo, ndiyo maana akaitwa Wayua, jina la mtoto wa wakati wa njaa. Yeyote aliyewahi kula kwake anajua kwamba jina hilo hakulifuata hata kidogo. Ukikataa sahani ya pili ya muthokoi, alikuuliza unaumwa wapi.

Alisoma shule za Kangundo hadi kidato cha pili. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mdogo wake Kiema, ambaye ndiye anayesoma haya mbele yenu, na ambaye siku hiyo hakuwa na ugonjwa wowote. Alifungwa mguu mzima kwa leso ya mama na kukatazwa kwenda kuchunga mbuzi, naye akafurahi sana. Mbuzi waliingia shamba la jirani, na jioni wakachapwa wote wawili, daktari na mgonjwa. Mwaka wa 1971 Wayua aliingia chuo cha uuguzi Machakos, akahitimu mwaka wa 1974 na kutumwa Kajiado.

Huko Kajiado ndiko alikompata Bwana Nzioka, wakala wa mizigo mpakani Namanga, aliyekuja kudungwa sindano ya pepopunda akazirai kabla sindano haijamgusa. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Bwana Nzioka amekana habari ya kuzirai miaka yote hii, na kwa heshima ya msiba tumemwachia aendelee kukana. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mukonyo, Mulwa na Ndulu.

Miaka ya tisini Wayua alisimamia zahanati ya serikali huko ndani, mbele ya Ilbisil, ambako chombo cha pekee cha kuwasiliana na daktari wa Kajiado kilikuwa redio ya kuitana. Aliipenda redio hiyo kupita kiasi. Alieleza homa, mapigo ya moyo na kikohozi, akamaliza kwa "ova", yaani nimemaliza, sasa jibu wewe, akangoja ushauri. Mazoea yakamfuata hadi nyumbani. Mezani tulisikia, "Mulwa, lete chumvi, ova," na Mulwa hakuruhusiwa kuinuka kabla hajajibu.

Lakini kuna mgonjwa ambaye redio haikuweza kumfikia. Wakati wa ukame wa mwaka 1997, kijana mmoja aliyeitwa Lemayian alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu. Nyasi zilipokwisha, familia ikahama na ng'ombe, na hakuna aliyejua imeelekea wapi. Aliporudi mvua iliponyesha, dawa zilikuwa zimemwishia kitambo na ugonjwa ulikuwa umemzidi. Alifariki mikononi mwa Wayua. Dada yetu alilia kama aliyefiwa na mwanawe, na tangu siku hiyo hakuna kitu alichokiogopa kama mgonjwa kupotea katikati ya matibabu.

Alistaafu serikalini mwaka wa 2005, akapumzika wiki moja, akachoka kupumzika. Akaajiriwa na zahanati ya kanisa ya Enkishon, kule Kitengela, mwezi uleule iliopata kompyuta yake ya kwanza. Wayua aliitazama, akaona kitu cha thamani kinakaa uchi. Akakishonea kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni, kama vile vya makochi yake, akakifunika mbele na nyuma, akiacha kioo tu. Siku ya kliniki, watu wamejaa hadi nje, kompyuta ikapata joto mno ikazima. Fundi Gakuru aliitwa kutoka Nairobi, akaikuta imevaa kama bibi harusi.

"Mama, hii kitu hupumua," akasema.

"Hupumulia wapi?"

"Hapa nyuma."

"Si ungesema mapema! Mimi ni nurse. Nafunika mgonjwa, sizibi mtu pua."

Kuanzia hapo kitambaa kilivalishwa jioni tu, mashine ikishazimwa, na yeye na fundi wakawa marafiki. Gakuru alimfundisha, naye akajifunza kwa kidole kimoja, akiita kila herufi kwa sauti. Aliigeuza meza ili mgonjwa naye aone kilichoandikwa juu yake. Wala hakugusa herufi hata moja kabla ya salamu kwisha. "Takwenya!" angewaamkia kina mama wa Kimaasai, wakaitikia "Iko!", kisha watoto wakainamisha vichwa awaguse. Ukimharakisha alikujibu, "Mashine ingoje, haina mtoto nyumbani."

Kila asubuhi kompyuta ilimwonyesha kwa rangi nyekundu majina ya waliokosa kliniki. Wayua alisema hicho ndicho alichokosa kule Ilbisil. Ila alitaka kitu kingine zaidi. Alimwuliza mama mmoja mgonjwa wa kifua, Nashipae, "Ng'ombe zikikosa nyasi mnaendanga wapi?"

"Side ya Namanga, kwa dada ya bwana yangu. Anauza shanga hapo boda."

Wayua akaandika hivyo hivyo mahali pa anwani. Gakuru akashika kichwa. "Mama, hapo tunaweka sanduku la posta."

"Hiyo sanduku itameza dawa?"

Fundi akacheka, akamtengenezea nafasi ya pili, anwani ya kiangazi. Ukame ulipokaza mapema mwaka wa 2006, jina la Nashipae likawa jekundu. Wayua alimpigia simu mumewe Namanga. Hakumwambia ugonjwa wala dawa. Alimwambia tu atafute muuza shanga fulani, amwambie wifi yake kwamba Mama Wayua anamtafuta. Siku hiyo hakula kitu, jambo ambalo sisi tuliomjua tulilitambua kuwa zito. Jioni simu ikalia. Nashipae amepatikana, na muuguzi wa Namanga ameshasomewa kwa simu dawa zake zote. Wayua alicheza peke yake katikati ya zahanati. Nashipae alipona kabisa, na leo ameketi pale safu ya pili, amekuja na mbuzi wa rambirambi.

Sukari ilimpata Wayua mwaka wa 2001, presha ikafuata. Alipostaafu mara ya pili, mwisho wa 2007, aliwahubiria wote kuhusu kliniki, isipokuwa yeye mwenyewe. Siku moja alipigiwa simu na Makena, muuguzi kijana wa Enkishon aliyefundishwa kazi na Wayua mwenyewe.

"Mama, umekuwa red kwa screen."

"Niko na kuku hapa, nitakuja kesho."

"Sawa, mama. Na kuku zikikosa chakula, utakuwa umeenda wapi? Maana mimi ndio huyo nakuja."

Alicheka hadi simu ikamponyoka. "Nimepatikana," akatuambia, na hakukosa kliniki tena hata mara moja.

Jumanne tarehe 3 Machi alipata kiharusi akiwalisha kuku wake. Alikimbizwa hospitali Kajiado, akafariki jioni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, ambaye safari hii hakuzirai. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea.

Ameacha mume, Bwana Nzioka, watoto Mukonyo, Mulwa na Ndulu, mkaza mwana Nyakio, wajukuu watano, mdogo wake Kiema, na kuku ambao bado wanamngoja mlangoni. Kitambaa kilichotandikwa chini ya picha yake ni kile cha kompyuta. Gakuru amekileta mwenyewe.

Alhamisi ya wiki iliyopita ilikuwa siku yake ya kliniki. Asubuhi ya Ijumaa jina lake likatokea jekundu. Makena alijaza kama kazi inavyotaka, kwamba amefariki, na tarehe. Kisha akaenda penye anwani ya kiangazi, akakaa akilia, akaandika: "Mama hajapotea. Tunajua alipo."

Lala salama, Wayua. Amani ya Mungu ikufunike. Ova.