Ukurasa wa Kwanza wa Mchezo wa Kivuko

Mgeni rasmi, Bwana Nkusi, mkurugenzi wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Kigali. Wageni ulioongozana nao. Mama Kampire, mwenye nyumba hii. Na majirani mliosimama dirishani mkijifanya mnapita: habari za mchana.

Karibu

Sisi wachezaji wa Meza ya Kivuko tunakukaribisha Gisenyi. Barabara ya kutoka Ruhengeri tunaijua inavyochosha, na tunashukuru umefika salama. Mwaka jana, kwa vita vya waasi, tusingethubutu kukualika, na wewe usingethubutu kuja. Umekaa kwenye kiti cha msimulizi, hicho chenye aproni ya bluu mgongoni. Hukujua, na hakuna aliyekuambia. Kaa tu.

Anayesoma ni Mwiza. Nimechaguliwa kwa sababu nimekulia Karagwe, Tanzania, na wenzangu wanasema Kiswahili changu kinavaa viatu. Wameniomba pia nisome polepole na nisikasirike. Hilo la kwanza nitajaribu.

Tulikotoka

Mchezo huu ulianza mwaka 1995, hapa hapa, kwenye baa ya Mama Kampire. Sano alikuwa amerudi kutoka Uganda na dadu zenye nyuso nyingi ndani ya soksi. Mwalimu wake kule ndiye aliyempa, pamoja na kitabu cha maelezo, lakini kitabu kilipotea njiani. Alichokumbuka Sano ni hiki: watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia nchi isiyokuwepo, wengine wanasema wanafanya nini ndani yake, na dadu inaamua kama wameweza. Yaliyobaki tulitunga wenyewe, na kwa kuwa mmoja alijua Kiingereza, mwingine Kifaransa, mwingine hajui vyote viwili, tulitunga kwa Kiswahili, kila mtu na chake.

Kivuko ni nchi ya visiwa vinavyoelea juu ya moshi wa mlima unaokula chuma. Kuna ndege wanaoiba sauti za watu. Kuna mfalme aliyefungiwa ndani ya ngoma yake mwenyewe, anatoa amri kwa kugonga kutoka ndani. Uwimpuhwe, aliyesomea uchoraji Nyundo, alichora ramani yake juu ya shuka, ile iliyoko ukutani nyuma yako. Kila kisiwa kimetoka mkononi mwake, na tukibishana kuhusu njia, yeye ndiye anayekata maneno.

Anayesimulia huvaa aproni ya Mama Kampire, ili maneno mabaya ya zimwi yasidhaniwe kuwa ni yake. Akiivua, ugomvi umekwisha na tunakula. Wapo waliotucheka. Lakini miaka ile, hapa kwetu, ilikuwa lazima mtu ajue neno limetoka kwa nani.

Kuingia Kivuko ni rahisi. Unapanda chombo, nahodha anakuuliza swali moja: umebeba nini? Ulichobeba ndicho kinachokupa nguvu. Sebagabo, mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, alisema amebeba wavu uliopasuka, na mpaka leo wavu ule unakamata vitu ambavyo wavu mzima unaviachia. Mama Kampire alibeba sufuria isiyo na mfuniko. Maadui wakisikia harufu wanaweka mikuki chini. Mimi nilibeba ufunguo wa nyumba ambamo siku hizi wanakaa watu wengine. Uwimpuhwe alisema hana kitu, ana mikono tu. Tukaikubali mikono: popote anapochora daraja, wote tunavuka.

Nahodha haulizi kingine. Haulizi ulizaliwa wapi, baba yako ni nani, uliondoka lini wala ulirudi lini. Hatukukaa kikao tukapanga hivyo. Ilitokea tu tangu Jumapili ya kwanza, maana mezani alikuwepo aliyerudi zamani kidogo, aliyerudi juzi, na ambaye hakuondoka kabisa, na kila mmoja alitaka kucheza.

Tuliyoyafanya

Tumecheza Jumapili baada ya ibada, hata kipindi kile milima ya upande wa Busasamana ilipokuwa haikaliki. Wenzetu wa Nyakiriba walikuja kwa miguu na kuondoka jua likiwa bado juu, na msimulizi alijua kukatisha vita vya majini ili mtu awahi kwake. Meza nyingine zimezaliwa, hata Goma ng'ambo ya mpaka, ambako wanachonga dadu zao za mbao na kuiba kidogo wakirusha.

Kisha kampuni yako ikasikia habari zetu. Ulipotuambia kwamba Kivuko kinaweza kuchezwa kwa kompyuta, kwamba mtu wa Gisenyi na mtu wa Kanada watakutana kisiwa kimoja kwa njia ya simu bila kuonana sura, tulishindwa kukaa kwenye viti. Sebagabo aliuliza: "Donc mutu wa Kanada atapanda mu kivuko yetu? Bon. Alete chumvi."

Tumefanya kazi na mafundi wako walioko ng'ambo, na tumewaachia mengi. Visiwa vimepunguzwa. Msimulizi ameondolewa, kwa sababu watu watakuwa mamia na mashine haiwezi kuvaa aproni. Ndege wa sauti wamekuwa popo. Mfalme wa ngoma amepewa ndevu, hatujui kwa nini. Tumekubali yote hayo. Nchi iliyozoea meza ikihamia ndani ya kompyuta, mizigo mingine itabaki njiani, hilo halihitaji kufundishwa kwa watu waliohama kama sisi.

Yanayotusumbua

Tulikuwa tumeandika kurasa mbili. Simu inakatika mvua ikinyesha, na hapa inanyesha. Umeme unaondoka bila kuaga. Kompyuta mliyotuazima inapata joto mpaka Mama Kampire anaipepea kwa sinia. Tumeyafuta hayo yote, yanavumilika.

Lisilovumilika ni ukurasa wa kwanza.

Mlipotuletea mchezo wa majaribio, tulikaa wote watano mbele ya kioo cha kompyuta tukisukumana. Tulitegemea kuona chombo, maji, nahodha. Hakuna. Yanatokea maandishi ya Kifaransa yanayosema: chagua kabila lako. Yako matatu. Warefu wa Mlimani, wanaongezewa akili, wamezaliwa kutawala. Wafupi wa Bondeni, wanaongezewa nguvu za mikono, wanapunguziwa akili. Watu wa Msituni, wanajua kuwinda, hawaruhusiwi kulala mjini. Ukishachagua, neno hilo linakaa mbele ya jina lako, na kila mchezaji analisoma kabla hujafungua mdomo. Huwezi kulibadilisha mpaka ufe.

Bwana Nkusi, wewe ni mtu wa nchi hii. Hatutakueleza.

Tuliwauliza mafundi, wakatujibu kwa upole. Kitabu cha kanuni tulichowatumia hakikuwa na sura ya makabila, wakadhani imepotea posta, wakatuandikia nyingine kwa kufuata michezo ya kwao, ambayo yote ina sura hiyo. Walitaka kutusaidia. Na kweli hatukuwaambia. Mtu ataandikaje kanuni ya jambo ambalo halisemwi, bila kulisema? Hatukujua hata kama ni kanuni, mpaka tulipoiona imevunjwa.

Aliyekuwa kwenye kibodi ni Sano. Ana haraka siku zote, huyu. Akabonyeza Warefu wa Mlimani, apate hizo akili za bure, akacheka. Sebagabo akamwambia taratibu: "Na mi? Mi unaniweka wapi?" Tukatazamana. Tangu tuanze kukaa meza hii tulikuwa hatujatazamana vile, mtu anapima kimo cha mwenzake, anapima pua, halafu anaona aibu anaangalia ukuta. Mama Kampire akasema anakwenda kugeuza sambaza. Hakukuwa na sambaza motoni.

Ikafika zamu ya Uwimpuhwe. Aliweka vidole juu ya kibodi akakaa nao hapo. Akauliza, "Nisipojibu?" Sano akamwambia hataingia. "Hata kama ramani nimechora mimi?" Sano akasema, "Mashine haijui hilo." Uwimpuhwe akachukua mwavuli wake, akaenda zake.

Hajakaa tena mezani. Tulimtuma Sebagabo nyumbani kwake, naye alirudi akatuambia hivi: "Nilimuambia, dada, ni mchezo tu. Akaniangalia. Akasema ile kadi ya kitambulisho ya zamani, yenye mustari wa kabila, aliirudisha kwa mkono yake mwenyewe, na hataomba ingine kwa mashine."

Tulidhani atadai ramani yake. Hakudai. Alisema tukae nayo. Hilo limetuuma kuliko yote, tunalisema wazi mbele yako, limetuuma sana.

Aproni haijavaliwa tangu siku ile. Jumapili tunakuja, tunakunywa soda, tunaongea bei ya samaki, tunaangalia saa. Kila mtu anapima neno kabla ya kulitoa, na mchezo huu hauchezwi na watu wanaopima maneno. Uwimpuhwe asiporudi, hatuna Kivuko cha kukuuzia wewe wala cha kubaki nacho sisi.

Ombi

Risala nyingi huomba mengi ili mgeni apate la kukataa. Sisi tunaomba moja. Ukurasa ule uondolewe. Usisogezwe uwe wa pili, na makabila yasipewe majina ya maua tukaambiwa yamekwisha. Uondoke, na mahali pake asimame nahodha na swali lake. Mafundi wanasema kompyuta lazima iwe na pa kuanzia kuhesabu nguvu za mtu. Ianzie kwenye wavu. Ianzie kwenye sufuria.

Ulituambia kwa simu kwamba michezo ya namna hii haiuziki bila makabila, kwamba vijana wa Ulaya na Kanada hupenda kuchagua. Ukaongeza kwamba sisi ni watu wa jana, tunaona vita kila mahali. Biashara hatuijui, tunakiri. Lakini usituambie tena maneno hayo ya mwisho. Samahani, wenzangu walinikataza kuisoma sentensi hiyo, na nimeisoma.

Hatukufikia ombi hili kwa amani. Sano ameahidiwa kazi kwako Kigali, na anaihitaji, ana wazee wawili wanaomtegemea. Yeye alitaka tutie sahihi leo, mengine tudai mbele ya safari. Tuligombana kwa sauti, majirani hawa ni mashahidi, hawakukosa neno. Jana alikuja dukani kwangu akasimama mlangoni bila kununua kitu, kisha akasema, "Andika kwamba na mimi sitii sahihi. Ni mimi niliyebonyeza." Nimeandika kama alivyosema.

Mkataba uko mbele yako na kalamu yako juu yake. Tunautaka, tusikudanganye. Tunataka kumwona huyo mtu wa mbali akipanda chombo chetu, aulizwe amebeba nini, ahangaike kutafuta jibu kama tulivyohangaika sisi. Ila ukurasa ule ukibaki, kalamu hiyo utarudi nayo Kigali, utakula samaki wa Mama Kampire, tutakusindikiza mpaka kwenye gari, na kompyuta yenu tumeshaifunga ndani ya blanketi isiumie njiani.

Jambo la mwisho tumeliongeza asubuhi hii. Uwimpuhwe amekuja. Hakuingia. Amekaa kwenye ngazi za nyuma, pale karibu na jiko, tangu kabla gari lako halijafika. Anasema risala hataki kuisikia, anajua tutasema nini. Anachotaka kusikia ni jibu lako. Ndiyo sababu mlango huo tumeuacha wazi ingawa upepo wa ziwa unakusumbulia karatasi. Tunakuomba ukisimama, usijibu kwa sauti ya kuzungumza na sisi tulio mezani. Jibu kwa sauti itakayofika kwenye ngazi.

Mungu aliyekuleta akupe kauli njema mchana huu, na akufikishe kwako ukiwa mzima, wewe na wote uliokuja nao.

Ni sisi, Meza ya Kivuko, Gisenyi, 1999:
Kampire, Sebagabo, Sano, Mwiza,
na Uwimpuhwe, aliye nje.