Kilio Nilichokiita Paka

Sogeeni wanangu, na mlango muuache wazi, maana huyo mnayedhani sitaki asikie ndiye ninayetaka asikie. Fulk, kaa hapa kichwani pangu. Sabina, futa machozi kwanza, utakuwa na siku nyingi za kulia. Nawe Kasisi Aylmer, kalamu yako iwe tayari, ila usiandike mpaka nikuambie. Nasema sasa kwa sababu nikingoja kesho mtasema ni homa iliyosema.

Mashamba haya ya Merebrook, na kinu, na bwawa la samaki, hayakutoka kwa mume yeyote. Aliniachia baba yangu, na ndiyo yaliyofanya niuzwe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mlezi niliyewekewa na mfalme aliponioza kwa Bwana Drogo, mzee wa kusinzia mezani, akafa kabla sijajua kumpenda wala kumchukia. Kisha nikapewa baba yenu, Bwana Baldwin. Sitamsema sana mbele ya watoto wake. Pale kanisani jiwe la kaburi lake lina sura yangu tayari. Nimechongwa nimelala ubavuni mwake, amenishika mkono. Alipokuwa hai, mkono ule niliujua kwa kazi nyingine.

Hao wawili nilipewa. Wa tatu nilimtaka mwenyewe, na ndiye niliyemwonea haya.

Osbert yuko pale mlangoni, amesimama. Mmezoea kumwona amesimama. Alikuwa msimamizi wa mashamba yangu, mwana wa mchunga ng'ombe wa baba yangu, na tulifunga ndoa alfajiri, bila ruhusa ya mfalme na bila nyinyi kujua. Hata ndoa ilipokuja kujulikana na faini ya mfalme ikalipwa, sikumwita mume mbele ya watu. Wageni wakija alikula meza ya chini, pamoja na watumishi, na mpaka leo ananiita Bibi. Siku moja mke wa Bwana wa Thirlby aliniuliza mbele ya karamu nzima, "Shoga, huyu umeolewa naye au umemwajiri?" Nikacheka kuliko wote. Osbert alikuwa akikata mkate, hakuinua kichwa. Baadaye aliniambia, "Bibi, ungecheka kidogo tu, ingetosha."

Wahenga walisema, mficha ugonjwa, kilio kitamfichua. Mimi nilificha kilio chenyewe.

Fulk, unakumbuka majira yale ya baridi niliyojifungia chumba cha juu mkaambiwa nina homa? Ndoa ilikuwa bado siri. Haikuwa homa, mwanangu. Nilizaa. Osbert nilikuwa nimemtuma mbali, kwenye mnada wa kondoo, na aliporudi nilimwambia mtoto alitoka amekufa. Osbert, usiondoke hapo. Alilia. Mtoto alilia sana. Mkunga Gunnild aliniuliza tumwite nani, nikageukia ukuta, basi akambatiza kwa maji ya beseni akampa jina la mama yake mwenyewe, Aldith. Mshumaa haukufika nusu, akanyamaza. Ningesema aliishi, kasisi angeitwa, kengele ingepigwa, na watu wangeuliza mtoto ni wa nani. Nikaona haya kujibu. Kwa hiyo, Osbert, ulimchimbia binti yako aliyebatizwa chini ya mti wa mpeari, nje ya ukuta wa kanisa, kama kitu kisichowahi kuwa mtu, na mimi nilikuwa dirishani nikikutazama ukichimba.

Nipe maji, Sabina. Inatosha.

Sheria ya nchi hii mnaijua. Mwanamke mwenye ardhi akifa, mumewe atakaa juu ya ardhi hiyo mpaka naye afe, mradi walipata mtoto aliyesikika akilia ndani ya kuta nne. Asiposikika, mume hutoka na nguo zake. Ndiyo maana juzi, Fulk, nilikusikia uani ukimwambia, "Mzee, anza kufunga mizigo. Bibi akizikwa, nawe safari." Nawe hukumdhulumu kwa sheria, maana ulisimama juu ya uongo wangu ukidhani ni ardhi.

Gunnild amekufa, na mahakama hutaka sikio la mwanamume. Siku ile humu ndani mlikuwa na mwanamume mmoja tu, naye alikuwa na miaka tisa, amekaa kwenye ngazi. Ukaniuliza, "Mama, nani analia?" Nikakujibu, "Paka amezaa." Ukawa unabeba maziwa kwenye kibakuli, unayaweka chini ya ngazi. Siku nzima unachungulia. Ukaja ukaniambia, "Mama, mbona hawanywi?" Hilo, mwanangu, ndilo linaloniamsha. Baba yenu halijaniamsha neno lake hata moja.

Sikulazimishi. Ukisema paka, Merebrook ni yako siku nitakayozikwa. Ukisema ulichosikia, utangoja mzee huyu afe kwanza. Nilikwisha kukulisha uongo mara moja, sitakulisha na kiapo.

Haya mengine yafanyeni hata mkinikasirikia. Msinilaze chini ya jiwe la Baldwin. Aendelee kushika mkono wa jiwe. Nizikeni uwanjani, kwenye udongo wa kanisa, na kabla ya hapo mwende kwenye mpeari, mtoe kitakachokuwa kimebaki, mkiweke kifuani pangu, na kengele ipigwe kwa majina mawili. Sabina, funguo zote ni zako, na joho la manyoya. Usimwonee haya mtu unayempenda, binti yangu. Aibu ni mgeni asiyeaga.

Pumzi inakuwa fupi. Fulk. Usinitazame mimi, mtazame yeye. Pale kwenye ngazi... ulisikia nini?

Sauti, mwanangu. Kasisi asikie.

Mtoto. Umesema mtoto.

Andika, Kasisi. Andika kama alivyosema, usimpambie. Mungu akubariki, Fulk, akupe watoto watakaolia milango ikiwa wazi. Akubariki na wewe Sabina... mkono wako uko wapi... haya.

Osbert. Mbona bado umesimama? Njoo. Si kwenye kigoda, hapa, kitandani, waone wote. Usiniite Bibi. Kaa, mume wangu. Kaa.