Mbao za Mlangoni

Kawira alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini Al Wakrah, katika nchi ya Kiarabu alikokwenda kufanya kazi, na alichotaka ndani ya basi ni kusinzia tu. Lakini Wakenya wawili waliokaa mbele yake, waliojuana pale pale kituoni, hawakumpa nafasi.

Mmoja, Joram, alifanya kazi gereji, kule Industrial Area, eneo la viwanda. Alikuwa akibadilisha kapeti ya karavani kuukuu, nyumba ya kuvutwa na gari ambayo familia moja huenda nayo kupiga kambi jangwani.

"Nimeng'oa kapeti ya zamani, nikakuta mbao za sakafu pale mlangoni zimeoza," alisema. "Mguu wangu ulizama kabisa. Mudir, bosi wangu, anasema nibandike kapeti mpya juu yake, khalas, yaishe."

"Si ubandike!" akasema Kioko, mwenzake, aliyevaa sare ya ulinzi. "Kwani visa yako iko kwa nani?"

"Iko kwake, akiifuta narudi nyumbani. Lakini mwenye karavani nilimwona, ndugu yangu. Ana watoto wadogo."

"Na wewe huna?"

Kawira alifungua mdomo aseme neno, akakumbuka anavyowaitikia wakubwa wake wodini hata wanapokosea, akaufunga.

Basi likasimama kwenye barabara ya magereji.

"Sasa utafanyaje?" Kioko aliuliza, safari hii kwa upole.

Joram aliinuka polepole, kama mtu aliyekwisha kufanya kazi ya siku nzima.

"Nitaanza kubandika upande wa dirishani," alisema. "Mlangoni nitafika jioni, na hapo ndipo nitaamua."

Akashuka.