Dada Yetu wa Chumba cha Vioo

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, familia imenipa karatasi hii niwasomee maisha ya dada yetu, mimi ninayemfuata kwa kuzaliwa, fundi wa ujenzi na wala si mtu wa kalamu, kwa hiyo pale nitakapojikwaa naomba mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1970, mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa dereva wa lori, na mama yetu, aliyeshona sare za shule kwenye baraza ya nyumba, naye tangu utotoni alikuwa mtu wa kukaa kimya akitazama kitu mpaka kimpe siri yake, hata mama akawa anasema huyu akitazama sufuria, maji yanaona haya na kuchemka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha sekondari hadi 1987, ada ya kuendelea mbele ikakosekana, na tarehe 3 Aprili 1989 akaajiriwa hospitalini kama mhudumu wa wodi, kazi ya kudeki, kubadilisha mashuka na kusukuma vitanda. Mwaka 1992 hospitali ilipata mashine yake ya kwanza ya kupima moyo, akaja mkufunzi wa wiki mbili, waliopangiwa kujifunza wakawa wanaingia na kutoka, lakini aliyekuwa anadeki chumba kile hakutoka, na mkufunzi alipoondoka ikagundulika kwamba mtu pekee anayejua waya upi unabandikwa wapi ni mwenye ndoo. Ndipo wakampeleka chuoni mwaka mmoja, akarudi na cheti, na tarehe 1 Julai 1995 akawa rasmi fundi wa vipimo vya moyo.

Mwaka huohuo alimpima mzee mmoja aliyeletwa na mwanawe, mwoka mikate, na yule mwana akawa anarudi kila wiki kuuliza majibu ambayo alikwisha kupewa, mpaka dada akamwambia, "Baba yako ni mzima, mgonjwa ni wewe." Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996, na shemeji yetu hadi leo husema yeye alipimwa moyo bila waya. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1998, ambaye amesomea kazi ileile ya mama yake, na mwana aliyezaliwa 2003, fundi umeme.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa maana wengi wetu tulijua tu kwamba dada anafanya kazi hospitalini. Mwaka 2006 kilifunguliwa chumba kisicho na dirisha, chenye kiti kimoja na vioo vinane ukutani, kila kioo kikionyesha moyo wa mgonjwa mmoja aliye wodini, na fundi kazi yake ni kukaa na kuangalia ile mistari inavyopanda na kushuka, akiona moyo unakwenda kombo anainua simu na kumwambia muuguzi kitanda namba ngapi. Mwaka 2015 vioo vilikuwa ishirini na vinne, mwaka 2021 vikafika arobaini na viwili, mafundi nao kutoka watano wakawa watatu, halafu wawili, yeye na mwenzake wa zamu, baba wa watoto watatu, ambaye dada alimwita Pacha.

Wale wengine waliondoka kwa sababu ya mshahara, hilo tuliseme wazi, na zaidi ya mshahara ni kukosa pa kwenda. Wauguzi aliowafundisha kusoma mistari ile walipanda vyeo, mmoja akawa mkuu wake, yeye alibaki palepale, na alipokwenda kuuliza, afisa utumishi alimfungulia daftari la vyeo akamwonyesha kwa kidole, "Mama, kazi yako humu ina mstari mmoja tu. Ukifika mwisho wake, basi umefika." Alifika mwisho wa mstari ule mwaka 2009. Zahanati moja ya binafsi ilitaka kumlipa mara mbili, akakataa kwa kuwa kule hakukuwa na pensheni, na watoto walikuwa bado shuleni.

Mwaka 2022 likatoka tangazo kwamba mafundi wa moyo watapata muundo mpya wa vyeo, na atakayekuwa kazini ifikapo tarehe 1 Julai 2025 ataingizwa daraja la juu na pensheni yake ihesabiwe humo, ila atakayeonekana hafai kiafya kabla ya siku hiyo atastaafishwa kwa kiwango cha zamani. Dada alilibandika tangazo lile jikoni juu ya jiko. Sisi tulifurahi pamoja naye, tukamwita mkubwa, na hakuna aliyelisoma mpaka mwisho isipokuwa yeye.

Kuhusu ugonjwa wake, ndugu zangu, familia ilijua machache. Shemeji aliona mito ya kulalia imekuwa mitatu, akaambiwa ni kiungulia. Binti aliona miguu ya mama imevimba, akaambiwa ni kukaa sana. Mimi mwenyewe, Jumapili moja ya mwezi Machi mwaka huu, nilikuwa sebuleni kwake nakunywa chai, akaniuliza, "Mdogo wangu, nyumba ikiwa na ufa, na bado hujamaliza kuilipia, unahama?"

Nikamjibu kama fundi, "Inategemea ufa, Dada. Upo wapi, nikautazame?"

Akacheka, akasema, "Kunywa chai yako." Nikainywa.

Baada ya kifo chake binti alikuta kabatini bahasha ya kaki yenye vipande themanini na vinane vya karatasi ya mashine ya moyo, cha kwanza kikiwa cha Ijumaa tarehe 6 Oktoba 2023 na cha mwisho cha Ijumaa tarehe 6 Juni 2025. Kumbe kila Ijumaa, akishakabidhi kiti kwa Pacha, alikuwa anaingia chumba cha vipimo, anafunga mlango, anajibandika waya na kujipima mwenyewe. Chini ya kila kipande aliandika kwa mkono wake, vya mwanzo "safi", kisha "umeruka mdundo mmoja", kisha "mitatu mfululizo", kisha akaacha kabisa kuandika habari za moyo, akawa anaandika wiki zilizobaki tu. Binti alinionyesha kipande cha Aprili, akasema, "Mjomba, hiki hata mwanafunzi wa mwaka mmoja angemlaza mtu siku hiyohiyo." Kile cha mwisho kimeandikwa, "Bado wiki tatu na siku nne." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kusoma lile tangazo la jikoni.

Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, simu ya wodi ililia, muuguzi akasikia sauti ya dada ikisema, "Kumi na tisa, kimbia," basi. Akakimbia, wakamwahi mgonjwa wa kitanda cha kumi na tisa, naye yu hai. Muuguzi aliporudi kuinua simu amwambie tumempata, hakujibiwa, akapiga tena, kisha akaenda mwenyewe, akamkuta dada amelalia meza, mkono wa simu ukining'inia. Madaktari walihangaika naye dakika hamsini, na saa tano na dakika kumi na tano wakatuambia ametutoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa zile dakika hamsini, majirani kwa viti, maji na mabega yenu, na uongozi wa hospitali uliotuma gari na wawakilishi, ambao nawaona pale mbele. Tunamshukuru pia mtu mmoja ambaye hayupo hapa. Pacha hakuweza kuja kumzika mwenzake wa miaka kumi na sita, kwa sababu tangu Jumanne ile yuko peke yake kwenye kiti na hakuna wa kumpokea. Ametuma ujumbe asubuhi hii, nausoma kama ulivyo, "Kaka, nisameheni, siwezi kutoka. Mwambieni dada nipo. Kifua kinanibana kidogo tangu juzi, ila ni uchovu tu, bado siku kumi na saba."

Madaktari mlioko hapa, sikuandikiwa haya na familia, nayasema kwa kinywa changu, mkitoka makaburini msipitilize nyumbani. Nendeni mkampime yule mtu. Binti yetu atakaa kwenye kiti mkiwa naye.

Dada yetu, upumzike kwa amani.