Sista Modesta na Wanaume Saba Wenye Jicho Linalong'aa

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Muuguzi Modesta Shimba anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Miaka kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia hapa kwetu Ilemela, kwenye chumba cha macho. Alianzia Sengerema, peke yake, katika zahanati yenye kitanda kimoja. Wakongwe wanasema siku aliyohamia Mwanza alishuka kwenye kivuko na sanduku la nguo, kuku wawili, na chati ya kupimia macho aliyoibeba kichwani ili isilowe.

Kazini ni mpole katika kila jambo isipokuwa kunawa mikono. Mkaguzi mmoja kutoka mkoani alinawishwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alijifutia kwenye suruali.

Ametibu magonjwa mengi makubwa, lakini uliompa jina ni mdogo: chokea, kile kijipu kinachoota ukingoni mwa kope. Mitaani kwetu wengi bado wanaamini kwamba humpata aliyechungulia mtu anaoga. Kwa hiyo wagonjwa wake walifika wamevaa miwani ya jua hata siku za mvua, na kabla ya kutaja maumivu walieleza kwanza kwamba ukuta wa bafu la jirani ni mrefu.

Mwaka 2019 alikuja Josephat, fundi seremala. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi yake alikuwa apeleke posa kwa Mzee Chenge, baba yake Sabina, akiongozana na washenga. Mzee Chenge alikuwa ameshawakataa wachumba wawili kwa makosa madogo kuliko kope lililovimba. Josephat aliamini kabisa kwamba akionekana na chokea, Sabina hatampata tena.

Sista alimwelekeza akande jicho kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, dakika kumi, mara nne kwa siku, wala asikiminye kijipu. Kisha anawe mikono na kupaka dawa ya antibayotiki ya tyubu, kidogo tu kama punje ya mchele, ndani ya kope la chini, bila ncha ya tyubu kugusa jicho. Alimwonya kwamba akishapaka ataona ukungu kwa muda, na kwamba tyubu ni ya mtu mmoja.

Josephat alifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Kufikia Jumamosi uvimbe ulikuwa umepungua, ila jicho liling'aa kwa dawa. Baba yake mdogo, Mihayo, kiongozi wa washenga, akapata wazo: wakipaka wote, nani atajua mwenye chokea ni yupi? Basi wanaume saba, Josephat akiwa miongoni mwao, wakaingia kwa Mzee Chenge, kila mmoja jicho la kulia likimetameta. Mihayo, kwa ule ukungu, alimkabidhi barua ya posa jirani aliyekuja kuazima ngazi.

Wenyeji waliwatazama mmoja mmoja. Mwishowe shangazi yake Sabina, Bernadeta, akasema taratibu, "Mmoja tungemsamehe. Ukoo mzima mmepanga foleni nyuma ya bafu la nani?"

Josephat aliinamisha kichwa, akijua mambo yameharibika.

Sista Modesta alikuwa jikoni, maana ni jirani na alikuja kusaidia mapishi. Alitoka akiwa bado ameshika mwiko. Hakumtaja mgonjwa wake.

"Chokea inaletwa na vijidudu na mikono isiyonawa," alisema. "Ingekuwa inaletwa na kuchungulia, zahanati isingetosha. Kosa la hawa ni kupokezana tyubu moja, na hilo ni juu yangu mimi kulirekebisha, si la wakwe. Jumatatu saa mbili niwaone wote."

Hapo Mzee Chenge, aliyekuwa ameketi upande muda wote, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, akaivua polepole. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba kama kunde iliyolowekwa. Mkewe akamgeukia. Kabla mama hajafungua mdomo, mzee akasema, "Posa imekubaliwa," kisha akamuuliza Sista kama na yeye anaweza kuja Jumatatu.

Walikuja wanane. Wote walinawa.

Josephat mwenyewe ameruhusu kisa hiki kiandikwe, na Sabina, mkewe, ndiye aliyetukumbusha habari ya ngazi.

Sista sasa anarudi ng'ambo ya ziwa, Kamanga, kufuga kuku na kulima viazi. Sista Modesta, asante. Wengi wetu tuliingia chumbani kwako tukitazama sakafu, nawe hukutuuliza tumefanya nini. Ulituuliza tu panauma wapi. Mungu akujalie afya, mavuno mazuri, na siku nyingi za raha.