Aurelia wa Lumemo, Aliyetaka Kukosolewa

Wasikilizaji wapendwa, kama redio iko chumba kingine, isogezeni karibu. Leo tunamkumbuka Aurelia Kelestini, mpiga kinanda wa kwaya, binti wa Lumemo hapa hapa Ifakara. Aurelia alifariki mwezi Septemba mwaka huu wa 1999. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni, na wengi mlimfahamu hivyo, kama yule dada mgonjwa anayepiga kinanda. Mimi nitawaeleza habari nyingine. Nitawaeleza alivyokosolewa.

Najua kuna mtu huko nyumbani ameguna. Marehemu hatajwi kwa makosa yake. Subirini kwanza.

Tuanzie kwa Makoye. Makoye ni yule Msukuma aliyeuza ng'ombe akanunua televisheni na mashine ya gemu, akafungua banda karibu na soko. Shemeji zake walisema amerogwa. Lakini vijana walijaa pale kutwa nzima, na Aurelia, akitoka kufundisha kwaya, alikuwa anakaa nje ya banda kupumzisha miguu yake. Miguu ilikuwa inavimba. Akawa anasikiliza. Hakuwa anaangalia gemu, alikuwa anasikiliza muziki wake. Kulikuwa na mchezo mmoja wa mtu mwenye kofia ya chuma anayekimbia mapangoni, na Aurelia aliupenda muziki wa mapango yale kupita kiasi. Siku moja akaja na redio kaseti ya nyumbani, akaichomeka kwenye umeme wa Makoye, akaurekodi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Nyumbani kwao Lumemo hakuna umeme. Redio inakula betri, na betri zikichoka, dawa yake sote tunaijua. Unazianika juani, juu ya bati. Zinapata nguvu, lakini nguvu ya mgonjwa aliyekunywa uji. Kaseti inazunguka kwa uvivu na muziki unakuwa mzito. Aurelia aliusikiliza muziki ule kwa betri za kuanika, akaunakili kwa noti za do re mi, akaupiga kwenye kinanda cha kanisa, polepole, kama maandamano ya Ijumaa Kuu. Kwaya ikalia. Kila aliyemsikia akamwambia hongera sana dada, Mungu akuzidishie.

Kaka yake anaitwa Remigius. Anafanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi ya mizigo ya meli, na ofisini kwao kuna kompyuta yenye intaneti. Kwa ambao bado hatujaiona intaneti, mimi nikiwemo, Remigius alinieleza hivi. Kompyuta zinaunganishwa kwa waya wa simu, na mtu wa hapa anaweza kuweka kitu akakisikia mtu wa Ulaya. Humo alikuta mahali wanapokutana wapenzi wa muziki wa gemu. Wanauchukua muziki ule, wanaupiga upya kila mtu kwa namna yake, wanauweka pale, halafu wanakosoana. Sharti lao ni moja. Ukileta wako, nawe useme neno juu ya wa wenzako.

Basi Aurelia akajirekodi akipiga kinanda, kaseti yake ikapanda basi, ikapita Kidatu, ikapita Mikumi, ikafika Dar. Remigius akauingiza wimbo kwenye kompyuta. Mwenye wimbo akamwandika kwa jina la bonde letu, Kilombero.

Majibu yalikuja. Mmoja aliyejipa jina ambalo kwa Kiswahili ni Kobe hakupaka mafuta. Aliandika kwamba Kilombero ana mkono mzuri, lakini huo muziki ni wa mtu anayekimbia kuokoa roho yake, na yeye ameupiga kama wa mtu anayekwenda kuchota maji. Je, amewahi kuusikia kweli?

Remigius aliogopa kumsomea. Alipokuja likizo akamsomea akiruka ruka mistari. Aurelia akamwambia, "Kaka, unanisomea kama unasoma rambirambi. Soma yote."

Akasoma yote. Aurelia akanyanyuka siku ile ile, akaenda kwa Makoye, akasimama mlangoni akausikiliza muziki kwenye umeme wa kweli. Makoye anasema alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka mzima alikuwa akiusikiliza nyumbani tu, na zile betri za kuanika zilikuwa zimemdanganya mpaka akasahau mbio zake.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya hapo Aurelia alikuwa mtu mwingine. Alirudia wimbo. Wakamkosoa tena, akarudia tena. Remigius alikuwa anamletea kaseti za wenzake, na yeye anawakosoa bila huruma. Huyo Kobe mwenyewe aliwahi kuambiwa kwamba ngoma yake inatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Kobe akajibu kwamba ni kweli. Mama yake Aurelia, Mama Bibiana, aliniambia kwamba mwanawe alikuwa amechoka kuvikwa kilemba cha ukoka. Hapa kwetu mgonjwa hakosolewi. Akipika chakula kikaungua tunasema kitamu. Akiimba vibaya tunapiga makofi. Kule kwenye kompyuta hapakuwa na aliyejua kwamba ni mgonjwa. Kule alikuwa mpiga kinanda tu.

Na hilo ndilo alilonyang'anywa.

Mwezi Mei mwaka huu hali ilibadilika. Aurelia akawa hawezi kulala chali, analala amekaa, ameegemea mito. Remigius alikuwa Dar, mbali, hana la kumfanyia mdogo wake. Akafanya lile ambalo mimi na wewe tungelifanya. Mtu akiwa na mgonjwa anasema, ili watu wampe pole. Akaandika kwenye kompyuta kwamba Kilombero anaumwa sana moyo, jamani muombeeni.

Pole zikaja kutoka pande zote za dunia. Remigius alizileta kwa furaha, akidhani analeta zawadi. Wimbo mpya wa Aurelia ulikuwa umetoka wiki ile, na kila mmoja alisema ni mzuri ajabu. Hata Kobe aliandika neno moja tu, mzuri. Aurelia alisikiliza, akageukia ukutani. Alijua ule wimbo una kasoro, aliziona mwenyewe. Akauliza, "Umewaambia?"

Remigius akakiri.

Aurelia akasema, "Basi umeshanizika, kaka."

Hakumsemesha kwa siku kadhaa. Mama Bibiana alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Remigius aliniambia haya huku analia. Alikuwa amempenda mdogo wake kwa namna anayoijua.

Aurelia mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya. Alisema anataka kutengeneza wimbo wa mwisho, ule ule wa mapangoni, upya kabisa. Na safari hii usiitwe wa Kilombero. Uitwe wa Lumemo, mtu mpya asiyejulikana na yeyote. Makoye akaleta kinanda kidogo cha kukopa na betri mpya ambazo hazijawahi kuona jua. Aurelia alipiga akiwa kitandani, mkono mmoja, apumzike, mkono wa pili. Kaseti ikaenda.

Remigius alirudi mwezi Agosti na majibu, akaketi kitandani, akasoma bila kuruka. Kobe alikuwa ameandika hivi: "Huyu Lumemo anajua kazi, lakini ni mwoga. Sehemu ya pili amerudia ya kwanza kwa sababu hakuthubutu kwenda mbele. Aitupe, aanze upya."

Mama Bibiana anasema alitamani kumnyang'anya Remigius ile karatasi. Lakini Aurelia alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo mama hakuwa ameliona tangu Mei.

Akasema, "Umesikia? Huyu hanionei huruma." Akamshika kaka yake mkono. Ndivyo walivyopatana.

Aliitupa sehemu ya pili. Akatengeneza nyingine, kidogo kidogo, kadiri pumzi ilivyomruhusu. Alimaliza. Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, mama yake akimchemshia maji ya kuoga.

Baada ya mazishi, Remigius alitaka kuwaandikia wale watu kwamba Kilombero na Lumemo ni mtu mmoja, na mtu huyo hayupo tena. Mama Bibiana akamkataza. Akamwambia atume wimbo kwanza, asiseme lolote, wamkosoe kwanza mwanawe. Remigius akafanya hivyo.

Nilikwenda kuwaona wiki iliyopita. Nilimwamkia mama shikamoo, akaniitikia, akaniambia nikae, Remigius amefika na jibu. Tukamsikiliza akisoma. Kobe aliandika kwamba sehemu ya pili sasa ndiyo hasa, hana la kuongeza. Ila mwanzo umepwaya. Lumemo aurudie mwanzo.

Mama Bibiana aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Sasa mwandikie. Mwambie hayupo. Na mwambie angeurudia."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studio nawapa pole Mama Bibiana, Remigius, kwaya nzima, ndugu na majirani wa Lumemo, na Makoye bandani kwake. Poleni sana. Mungu ampumzishe Aurelia mahali pema. Nasi tuliobaki tuna wagonjwa wetu majumbani. Wapikieni uji, waombeeni, washikeni mikono. Lakini mgonjwa wako akikuimbia, akikushonea, akikupikia, akikuuliza umeonaje, mwambie ulivyoona. Huenda hana mwingine wa kumwambia.

Sasa nitaupiga wimbo wake wote, tangu mwanzo. Nawaomba msiusifu kwa sababu amekufa. Usikilizeni, halafu semeni palipopwaya.