Fausta Nzunda na Neno Aisingi

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, majirani wa Mpemba, ndugu mliotoka Itaka na Igamba, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Nakonde, familia imeona isome maisha ya mama yetu taratibu na kwa ukamilifu, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda maneno ya kubabaisha, na alikuwa akisema kwamba msomaji akikosea tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, hata sifa zinazofuata hazitaaminika.

Marehemu Fausta Ferdinand Nzunda alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968 katika kijiji cha Itaka, wilaya ya Mbozi, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Ferdinand Nzunda, mkulima wa kahawa, na mama Sesilia, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa Mei mwaka huohuo, na wazee waliokuwapo wanasimulia kwamba hakulia alipomwagiwa maji, bali alimkazia macho padre kama mtu anayetaka kuulizwa kwanza.

Alisoma Shule ya Msingi Itaka kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, ambako alijulikana kwa tabia moja iliyowachosha walimu na kuwafurahisha kwa wakati mmoja, nayo ni kuuliza neno limetoka wapi, kwa nini dirisha liitwe dirisha, kwa nini jambo hili Wanyiha walitaje kwa maneno mawili na Waswahili kwa moja. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba kahawa ya msimu uliokuwa ukija ingempeleka sekondari ya kulipia, lakini mwezi Novemba 1982 mvua ya mawe ilipiga Itaka kwa muda usiozidi nusu saa, ikapukutisha matunda machanga yote, na Fausta akasimama mlangoni akiitazama shule yake ikilala chini ya miti pamoja na barafu. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba siku ile hakulia pia, ila kwa muda mrefu neno barafu lilimkaa kooni.

Mwaka 1985 alikwenda kuishi Nakonde kwa shangazi yake, Mama Osia, aliyeolewa huko na kufanya kazi ya upishi katika nyumba ya wageni, na huko ndiko alikojifunza kuoka skonzi, mikate na keki. Jioni moja shangazi alichukua sukari nyeupe iliyosagwa laini kama unga, akaikoroga na ute wa yai na maji ya limau, akaipaka juu ya keki, akamwambia, "Hii ndiyo aisingi, usiiguse mpaka ikauke." Fausta akauliza aisingi maana yake nini, na shangazi, ambaye hakuwa na subira ya maswali, akajibu, "Maana yake ni barafu, Wazungu wanaipaka barafu keki yao, sasa osha hilo bakuli." Msichana yule aliinama akaitazama keki kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuelewa mtu mwenye akili timamu angewezaje kukipa kitu kitamu jina la kitu kilichomnyima shule, na tangu jioni ile hakuliacha neno hilo, wala lenyewe halikumwacha.

Mwaka 1991 alirudi Tanzania, akapanga chumba Tunduma na kuanza kuoka keki za harusi, ubatizo na kipaimara. Mwezi Agosti 1992, akipita karibu na barabara kuu, aliona kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, HAPA TUNAONDOA AISINGI, akasimama palepale, akaingia ndani kwa hasira akitaka kumwona huyo anayeharibu kazi za watu. Mwenye karakana alikuwa kijana fundi wa mafriji, Osea Mwashiuya wa Igamba, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akamfungulia friji la duka moja la nyama na kumwonyesha jinsi barafu ilivyojijenga juu ya mabomba ndani yake, nene kama godoro, kiasi kwamba baridi haikuweza tena kufika kwenye nyama.

"Hii ndiyo aisingi, dada," alisema Osea, "ni ugonjwa wa friji."

"Basi mimi ninauza ugonjwa wenu," alijibu Fausta, "na watu wanaula harusini."

Kesho yake alimpelekea kipande cha keki ili aone aisingi ya kweli, Osea akala, akasema hajashawishika, aletewe kingine, na kwa njia hiyo hakushawishika kwa muda wa mwaka mzima. Walifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1993, keki akiwa ameipamba bibi harusi mwenyewe, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Felix aliyezaliwa mwaka 1994, Fides mwaka 1997 na Jastin mwaka 2001, pamoja na wajukuu wanne.

Hapo ndipo alipoanza daftari lake, lenye jalada la bluu, ambalo wengi wenu mmeliona mezani kwake. Kila aliyejua maana ya neno lile alikalishwa, akapewa chai, na maelezo yake yakaandikwa pamoja na jina lake na tarehe. Dereva wa malori ya samaki wa kugandishwa, Bwana Twaibu, alimweleza barafu inavyoziba mashine ya kupoza ya lori. Msafiri mmoja aliyesoma uhandisi alimweleza kwamba barafu ikiganda juu ya bawa la ndege huko mawinguni, ndege hupoteza nguvu ya kujibeba na inaweza kuanguka, na hiyo nayo ni aisingi. Padre mmoja kutoka Kanada, aliyehudumu Mbozi kwa miaka miwili, alimchorea uwanja wa magongo ya kwenye barafu, akamwonyesha kwamba mchezaji akikipiga kisahani kinachochezewa badala ya mpira kutoka upande wake hadi kikavuka mstari wa mwisho wa wapinzani bila kuguswa, refa hupuliza filimbi, na kosa hilo linaitwa aisingi vilevile, jambo lililomfanya Fausta acheke mpaka akashika mbavu.

Ni padre huyohuyo aliyemtafutia asili ya neno, akamwandikia barua kwamba Waingereza wa kale waliiita barafu kwa jina fupi linalofanana na la leo, kwamba yapata miaka mia nne iliyopita wapishi wao walianza kusema wanaipaka barafu keki, na jina aisingi likafuata zaidi ya miaka mia baadaye, kwa sababu siku hizo keki iliyopakwa sukari na ute wa yai ilirudishwa mdomoni mwa tanuri ikauke, ikatoka nyeupe, ngumu, inayong'aa kama maji yaliyoganda. Fausta aliisoma barua ile mara nyingi, na mumewe anakumbuka kwamba siku ile alisema, "Kumbe hawakuwa na nia mbaya, waliitazama tu kwa macho," na kuanzia hapo akaacha kulichukia neno barafu.

Ndugu waombolezaji, sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilisikia nusunusu, na familia imeombwa na Mama Zakia, aliyeketi hapa mbele, tulisome lote. Mwezi Juni 2013 Mama Zakia, mfanyabiashara wa vitenge na rafiki wa marehemu, alikuwa akimwoza binti yake Sabra, na keki ya ngazi tano ilikuwa imekwisha kuokwa hapa Mpemba, lakini sukari ya aisingi iliadimika katika maduka yote ya Tunduma wiki ile. Fausta akamwomba rafiki yake, aliyekuwa akienda Nakonde kwa shughuli zake, amletee kilo nane, na muuza duka wa huko akazipima katika mifuko miangavu isiyo na maandishi yoyote. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Juni, mchana, Mama Zakia alisimamishwa mpakani akiwa na mifuko minane ya unga mweupe chini ya vitenge vyake, na ofisa alipomuuliza ni kitu gani, naye kwa hofu akajibu ni barafu ya keki, hali ikawa mbaya zaidi, maana sasa walishuku ni dawa za kulevya.

Habari zilipofika Mpemba, majirani walimzunguka Fausta na kumsihi asiende, mmoja akamwambia wazi, "Shoga, ukienda mtalala ndani wote wawili, subiri kwanza ijulikane ni nini," na ukweli ni kwamba hakuna mtu mpakani aliyelijua jina lake, wala Mama Zakia hakuwa amelitaja. Fausta alivua aproni, akachukua bakuli, limau mbili, kijiko na kipande cha keki, akatembea hadi barabarani kutafuta bodaboda, na Osea alipomuuliza anakwenda kusema nini, alijibu, "Nakwenda kusema ni yangu."

Akafika, akaamkia, akasema, "Mzigo huu ni wangu, huyu mama nilimtuma." Maofisa walikuwa wakitimiza wajibu wao na walimuuliza kwa heshima, "Mama, hiki ni kitu gani?" akajibu kwamba ni aisingi, na kijana mmoja wao akatafuta neno hilo kwenye simu yake, akasoma, kisha akainua uso akasema, "Hapa wanasema ni barafu inayoganda kwenye bawa la ndege. Sasa mama, hii ni barafu?"

Mama Zakia anasema hapo Fausta alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akamwambia kijana, "Umesoma vizuri, mwanangu, ila shuka chini, maana zake ni nyingi." Akamweleza ya friji, ya lori na ya wachezaji wa Kanada, kisha akaomba ruhusa kwa mkuu wa zamu, mwanamke wa makamo, akafungua mfuko mmoja mbele yao, akachovya kidole na kuilamba kwanza yeye mwenyewe, akakamua limau, akakoroga, akapaka kwenye kipande cha keki na kukiweka dirishani penye jua. Wakasubiri, wote, kwa muda wa kama nusu saa, na aisingi ilipokauka mkuu wa zamu akaigonga kwa ukucha, ikalia, akaimega, akaonja, akasema, "Ni sukari." Walibaki na mfuko mmoja kwa ajili ya vipimo, kama utaratibu ulivyotaka, wakawaachia wanawake wale wawili kabla ya jua kuzama, na Sabra akaolewa kesho yake kwa keki ya ngazi tano, ambayo ngazi ya chini kabisa, kwa upungufu wa sukari, ilizungushiwa maua ya bustanini na wageni wakadhani ndio mtindo mpya.

Tangu mwaka 2015 marehemu aliwafundisha wanawake thelathini na mmoja kazi ya keki hapa nyumbani, na Mwalimu Yonasi alimwalika mara kadhaa kuzungumza na wanafunzi wake wa sekondari kuhusu neno moja tu kwa saa nzima. Mwanafunzi mmoja alipomwambia kwamba Waingereza husema aisingi juu ya keki wakiwa na maana ya nyongeza isiyo ya lazima, alimjibu kwamba aliyeanzisha usemi huo hajawahi kuoka, kwa sababu keki isiyopakwa hukauka siku ya pili, na iliyopakwa hubaki laini. Mtu aliyeishia darasa la saba alipigiwa makofi na kidato cha tatu kizima, na jioni ile alikaa uani peke yake, na mumewe alipotoka alimkuta akilia, akamwacha alie.

Tarehe 20 Januari 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, na maneno, vitu alivyovipenda kuliko vyote, yakamtoka. Alijua anachotaka kusema, lakini akionyeshwa sukari alisema chumvi, akitaka kumwita Fides alitaja jina la shangazi yake, na mara nyingine alikasirika hadi akapiga meza, mara nyingine akacheka mwenyewe. Osea alifunga karakana kila siku saa tisa alasiri, akaketi naye na daftari la bluu, akamsomea ukurasa kwa ukurasa yale aliyoyaandika kwa mkono wake, naye akirudia nyuma yake, neno moja leo, mawili kesho kutwa. Kufikia Krismasi ya mwaka ule alikuwa akisali Baba Yetu bila kukosea, na akipamba keki ndogo kwa mkono wa kushoto, mistari ikienda upande, na aliyethubutu kuisifu kwa kumhurumia aliambiwa wazi kwamba imepinda.

Usiku wa tarehe 9 Juni 2025 hali yake ilibadilika, akalazwa, na Alhamisi ya tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, mikononi mwa mumewe na watoto wake, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu alipopatwa na kiharusi, Padre na jumuiya ndogo ndogo, majirani wa Mpemba mliolala matangani bila kuchoka, mafundi wanaofanya kazi na Mzee Osea, wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka, Mama Zakia na binti yake Sabra waliopika hapa tangu Alhamisi, na kila mmoja wenu kwa nafasi yake.

Tuna tangazo moja la mwisho. Jikoni kuna oda ya keki ya ubatizo wa mtoto wa Bi Mwanaasha na Bwana Jofre, ya Jumapili tarehe 22, ambayo Fausta aliipokea na hakuifikia. Wazazi msihangaike kutafuta kwingine, wanawake aliowafundisha wamekwisha kukubaliana, wataioka na kuipamba, na mistari itanyooka.

Nenda ukapumzike, Fausta, kwa amani ya Bwana.